Mwaka Niliokopa Mayai ya Kilima Kizima

Walisema sitaweza kutotoa hata yai moja. Shangazi yangu ndiye aliyesema kwanza, na kwa kuwa neno la shangazi lilizunguka Butembo kuliko lori la posta, kufikia siku ya tatu kila mtu alilisema kana kwamba amelifikiri mwenyewe. Nilipokwenda kumsalimu, nikiwa na suti yangu ya Ulaya na diploma ndani ya fremu ya kioo, hakuitazama fremu. Alikuwa akimenya ndizi.

"Weye ulienda Bulaya myaka tano kusoma kuku," akaniambia. "Kuku yangu haikusoma hata siku moja, na iko inatotoa. Donc, mwenye akili ni nani?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba kuku wake hutotoa mayai kumi, nami nilikuwa na ujuzi wa kutotoa mayai sitini kwa mara moja, bila kuku. Akaacha kumenya. Akaniuliza kama kweli mama yangu alinizaa mimi, au kama kulikuwa na kubadilishana watoto kule hospitali ya masista.

Naandika haya kwa sababu leo vijana wengi hufikiri kwamba mafanikio yangu yalianguka kutoka mbinguni. Hayakuanguka. Niliondoka mwaka wa Dipenda, yaani wa uhuru, nikiwa na barua moja ya padri na suruali mbili, bila bourse, msaada wa masomo wa Serikali. Mchana nilikuwa nikisafisha mabanda ya kuku ya mkulima mmoja wa Kibelgiji, jioni nikisoma shule ya ufugaji. Wenzangu waliotaka kuwa mawaziri walisoma sheria. Mimi nilisoma kuku, na nilimaliza wa pili katika darasa zima. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo mtu mwenye akili atajua nilikuwa wa ngapi.

Niliporudi, waasi walikuwa wametoka tu. Walikuwa wamekula kuku wetu kwa miezi mingi. Kisha wakaja askari wa Serikali kutukomboa, nao wakala kuku ambao waasi hawakuweza kuwakamata. Kilimani kwetu walibaki kuku majike wachache waliofichwa chini ya vitanda na ndani ya mitungi, na jogoo mmoja tu, mali ya katekista, aliyenusurika kwa sababu alifungiwa chumba cha mavazi ya misa. Nchi ilimhitaji mtu kama mimi. Ila nchi yenyewe ilikuwa haijajua.

Sasa lazima nieleze habari za mama mwenye nyumba niliyekaa kwake Ulaya, maana bila yeye hadithi hii haina miguu. Alikuwa mjane, Mwingereza aliyeolewa na Mbelgiji, mwenye mvi, paka wawili, na mikono myekundu ya mtu anayelima bustani. Wiki ya kwanza alinimiminia kahawa na kuniuliza dini yangu. Nikamjibu kwa fahari kwamba mimi ni Mkatoliki. Akasema vizuri sana, yeye ni mpagani. Nilidhani Kifaransa changu kimenidanganya. Kwetu katekisimo ilitufundisha kwamba wapagani ni babu zetu, watu wa kuhurumiwa, na kwamba Wazungu walivuka bahari ili kutuponya ugonjwa huo. Nikamuuliza ana maana gani. Akatia sukari kwenye kikombe chake, akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu husema yeye ni mshonaji, "Mimi ni mchawi."

Usiku huo nilisukuma sanduku langu nyuma ya mlango na kusali rozari mara tatu. Asubuhi nilikuta ameniwekea mayai mawili na mkate, kodi ilikuwa ndogo, na nje theluji ilikuwa ikianguka. Nikabaki.

Uchawi wake, nilipouona, ulikuwa kazi ya bustani. Alikuwa na sikukuu nane kwa mwaka, na ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwezi wa tatu, wakati baridi inapoanza kushindwa. Walikuja rafiki zake wanne, mmoja wao dereva wa basi aliyevaa bado kofia ya kazi. Walifungua milango yote, wakafagia nyumba kuanzia chumba cha nyuma hadi barabarani, ili majira ya baridi yatoke pamoja na vumbi. Walipiga kengele ndogo bustanini kuamsha ardhi. Walibariki mbegu za maharagwe kwenye sahani, wakala mkate na asali. Na walipaka mayai rangi, rangi ya maganda ya vitunguu na ya mboga, kila mtu akichora alama ya kile anachotaka kiote mwaka ule. Dereva wa basi alichora kila mwaka nyumba yenye dirisha moja. Mimi nilichora diploma.

Alinieleza kwamba siku ile mchana na usiku hulingana, hakuna anayemzidi mwenzake, na ndiyo maana yai huweza kusimama wima juu ya meza. Nilijaribu. Langu lilisimama. Lake lilianguka. Alicheka hadi akakaa.

Siku niliyoondoka alinipa kipimajoto chake cha kioo, kile alichopimia joto la udongo kabla ya kupanda. Akasema hanipi, ananikopesha, na nimrudishie majira ya kuchipua yatakapofika kwetu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kwetu majira hayo hayafiki, kwa sababu hayaondoki.

Basi, nikiwa na kipimajoto, diploma na akili, nilitengeneza kasha la kutotolea kwa sanduku la sabuni. Ndani niliweka pamba na majani makavu ya migomba, pembeni taa ya petroli nyuma ya bati, chini bakuli la maji ya kulainisha hewa. Kilichokosekana ni mayai. Mtu hanunui mayai mahali ambapo hakuna wa kuyauza. Ilibidi nikope.

Mama yangu aliwaita wanawake wa kilima uani kwetu, nami niliwahutubia nikiwa nimevaa tai. Niliwaambia kila atakayenikopesha mayai atapata, baada ya miezi sita, kuku mmoja aliye tayari kutaga kwa kila mayai matatu. Nikaeleza kwamba nitayaweka kashani siku ya mwisho ya Februari ili yapasuke tarehe ishirini na moja ya Machi, siku ambayo Ulaya wanasherehekea kuchipua kwa dunia, kwa sababu mchana na usiku hulingana.

Shangazi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Na siku zingine?"

Nikasema siku nyingine hazilingani. Kuna majira ambapo saa kumi jioni ni giza, na mengine ambapo saa nne ya usiku jua lingali linawaka.

Wanawake walitazamana. Aliyekaa karibu na shangazi alisema pole sana kwa wale watu. Shangazi akaniambia kwamba hapa kwetu jua linatoka saa kumi na mbili na kulala saa kumi na mbili tangu babu wa babu yake, mvua inyeshe au Serikali ianguke, na hajawahi kuona mtu akila asali kwa sababu hiyo. Waliocheka walicheka kwa muda mrefu. Niliwaacha. Mtu aliyesoma hujua kungoja.

Lakini hakuna aliyetoa yai. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nianze hotuba tena, mama akasimama. Mama yangu hakuwa msemaji. Alisema kama mayai yakipotea, shamba lake la vitunguu la bondeni litagawanywa, kila mkopeshaji achukue matuta yake. Kisha akakaa. Shamba lile ndilo lililonilisha mimi na kulipa ada yangu ya shule ya msingi, na yeye hakuwa na lingine. Nilitaka kumzuia, lakini wanawake walikuwa wamekwisha kunyanyuka kwenda kuleta mayai.

Nilipata mayai arobaini na nane kutoka kwa wanawake kumi na mmoja. Kila mmoja alitaka kujua yapi ni yake, asije akapewa watoto wa kuku mvivu wa jirani. Hapo elimu ya mama mwenye nyumba ilinifaa. Nilichukua bleu, ile rangi ya buluu ya kufulia nguo, udongo mwekundu na mkaa, na kwa ncha ya unyoya nikamchorea kila mwanamke alama aliyoichagua, ndogo, nisizibe matundu ya ganda. Mmoja alitaka jembe. Mmoja mafiga. Mwuza samaki aliyeleta mzigo wake kutoka Kyavinyonge alitaka samaki, na samaki wake alitoka mzuri hata wengine wakaja kubadilisha alama zao. Mke wa katekista alitaka msalaba, na akataka uwe mkubwa. Shangazi peke yake alikataa. Alisema hataki uchawi wa Wazungu kwenye mayai yake.

"Basi utayajuaje?" nikamuuliza.

"Yale yasiyo na kitu ndiyo yangu."

Siku ya mwisho ya Februari niliwasha taa. Mlangoni pa kibanda niliweka ufagio, na kila aliyeingia ilimpasa kufagia nyayo zake kwanza. Hiyo haikuwa dini, ilikuwa usafi, ukurasa wa kwanza wa kitabu cha ufugaji. Ila nakiri nilikuwa nikimkumbuka mama mwenye nyumba. Niliyapanga mayai kwa safu, alama kwa alama, kama askari. Asubuhi, adhuhuri na jioni niliyageuza na kuandika joto kwenye daftari.

Siku ya tatu nilirudi kutoka misa nikakuta samaki wamekaa mahali pa mafiga.

Nilidhani nimesahau. Niliyarudisha. Siku iliyofuata, baada ya usingizi wa mchana, majembe mawili yalikuwa karibu na bati la taa, na misalaba yote ilikuwa imesogea kona ya joto kama watu wanaoota moto. Siku ya tano hakuna yai hata moja lililokuwa pale nilipoliacha. Katika daftari, ambalo bado ninalo, nimeandika kwa mwandiko mzuri: digrii thelathini na saba na nusu, hewa nzuri, mayai yanatembea.

Nitasema ukweli kwa sababu nimekuwa mtu mzima na hakuna wa kuninyang'anya diploma. Niliogopa. Mimi niliyesoma sehemu zote za yai kwa Kifaransa, niliyeishi na mchawi mwenye kibali cha ukaaji na kadi ya maktaba, niliogopa mayai yenye alama nilizochora kwa mkono wangu. Sikumwambia mtu. Siku ya sita nilikwenda kanisani na chupa ndogo, nikachota maji ya baraka pale mlangoni, nikayamimina kwenye bakuli chini ya mayai. Nilijiambia kwamba unyevu ni unyevu.

Mayai yaliendelea kutembea.

Wakati huo maneno yalikuwa yamefika bureau, ofisi ya Serikali. Mkuu wa kituo chetu cha utawala, ambaye sote tulimwita Bwana Chef, alikuwa ametumwa kutoka mkoa wa mbali, upande wa mto mkubwa, akisema Lingala na Kiswahili cha haraka. Alikuwa mtu mnene, Mkristo, mwenye hofu ya haki kabisa kuhusu dawa, kwa kuwa waasi walikuwa wakinyunyiziwa maji yaliyodaiwa kugeuza risasi kuwa matone. Sasa ameambiwa kuna kijana aliyerudi kutoka nje, ana chumba chenye taa inayowaka mchana, ufagio mlangoni, bakuli la maji, na mayai yaliyoandikwa.

Alikuja siku ya nane na askari wawili. Nilimwomba afagie nyayo. Namshukuru hadi leo, akafagia. Askari wake walibaki nje. Aliinama juu ya kasha, akaona misalaba, samaki, mafiga, majembe, na yale yasiyo na kitu, ambayo nadhani yalimtisha zaidi.

"Mundele ndombe," akaniita, maana yake Mzungu mweusi, "hii maji ni ya nini?"

Nikasema ni ya kulainisha hewa. Hilo lilikuwa kweli, ingawa si kweli yote.

"Hapana ya dawa?"

"Ni maji tu, Bwana Chef."

"Kunywa."

Nilikunywa. Yalikuwa ya vuguvugu, na yalikuwa na ladha ya petroli na manyoya. Akangoja kidogo, akinitazama tumboni. Halafu akaniuliza kama sasa risasi itapita pembeni yangu. Nikamjibu kwamba itaniua kama mtu yeyote, pengine mapema zaidi kwa sababu tayari naumwa. Jibu hilo lilimpendeza, nikaona mabega yake yakishuka. Hata hivyo alisema yeye hawezi kuandika kwenye ripoti kwamba hakuona kitu. Siku ishirini na moja zikitimia atakuja mwenyewe. Yakitoka vifaranga, ni ufugaji. Yakitoka mengine yoyote, au yasipotoka kitu, atanipeleka Beni nikawaeleze watu wenye vyeo vikubwa kuliko chake.

Mama alisikia yote kutoka uani. Alipoondoka Bwana Chef, mama alichukua kapu akashuka bondeni. Nilimwona kwa mbali akipita tuta moja baada ya jingine, akipalilia mahali ambapo hapakuwa na magugu.

Siku ya kumi na nne petroli iliisha. Sokoni hakukuwa nayo, lori lililotarajiwa lilikuwa limekwama matopeni, na taa ya kanisa yenyewe ilikuwa imegeuka mshumaa. Mayai yanaweza kustahimili baridi ya saa moja, si ya siku. Mahali pekee penye petroli palikuwa bureau. Nilikwenda, nikavua kofia, nikamweleza Bwana Chef kwamba kama hatanisaidia, hatajua kamwe ilikuwa ufugaji au dawa, kwa sababu kitu kilichokufa hakitoi ushahidi. Aliwaza. Alisema Serikali haikopeshi, lakini yeye ana debe lake binafsi, ila atataka jogoo. Jogoo mkubwa, mwenye sauti, kwa maana kule kwao mtu wa cheo haamki kwa kengele. Kwa hiyo adui yangu akawa mkopeshaji wa kumi na mbili.

Tarehe ishirini na moja ya Machi ilikuwa siku ya mvua nyembamba. Wanawake walianza kufika mapema, wakakaa chini ya mchirizi wa paa, kila mmoja na mbegu zake kapuni, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupanda na hakuna aliyetaka kupoteza siku nzima kwa ajili ya aibu ya mtu mwingine. Bwana Chef alikuja na kiti chake. Katekista alikuja kumwangalia, alisema, mkewe, lakini nadhani alikuja kwa ajili ya heshima ya jogoo wake, baba wa wote waliokuwa kashani.

Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Shangazi aliuliza kwa sauti kama Ulaya pia watu hukaa kwenye mvua namna hii kuyatazama mayai. Nikasema hupaka rangi, hufagia, hupiga kengele. Akasema basi piga kengele, tumejaribu mengine yote. Watu walicheka, ila mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na mikono imelala mapajani, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada.

Karibu na saa tano shangazi alisimama, akafagia nyayo zake bila kuambiwa, akaingia. Nilimfuata. Aliinamisha sikio juu ya kasha. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akanishika mkono, kwa nguvu, akaniinamisha nami nisikilize.

Walikuwa wakigonga.

Sio mmoja. Kasha zima lilikuwa likigonga, kidogo kidogo, kama mvua inavyoanza kwenye bati. Yai la kwanza kupasuka lilikuwa lisilo na alama, na shangazi alitoka nje kulitangaza kabla sijaona mdomo wa kifaranga. Likafuata samaki, kisha misalaba miwili pamoja, kisha sikuweza tena kuhesabu kwa sababu wanawake kumi na mmoja na mtumishi mmoja wa Serikali walikuwa wamejaa kwenye kibanda cha watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefagia. Bwana Chef alikuwa ameshika kifaranga kinyevu katika kofia yake ya kazi, akakisemesha Lingala kwa sauti ambayo sidhani alimsemesha nayo binadamu yeyote wa Butembo.

Kufikia kesho yake, kati ya mayai arobaini na nane, yalikuwa yametoka arobaini na manne. Kule shuleni, kwenye mashine ya umeme iliyogharimu bei ya gari, tulikuwa tukipongezana kwa thelathini na sita kati ya idadi hiyo hiyo. Niliwatangazia hivyo. Niliwaeleza kwamba hii ndiyo tofauti kati ya mtu aliyesoma na mtu aliyenunua mashine. Nilikuwa nimefika kwenye neno "kisayansi" shangazi aliponikatiza.

"Kile kikasha chako kina baridi upande wa ukuta," akasema. "Hukujua?"

Sikujua. Akanieleza mbele ya wote, bila huruma. Alikuwa akija kila siku nilipokuwa misani, kuyaweka mayai yake karibu na taa. Lakini mwuza samaki naye alikuwa akija nilipolala mchana, kuyaondoa ya shangazi na kuweka yake. Mke wa katekista alipita baada ya saa tisa. Wengine walizungumza hapo hapo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani alikuwa peke yake, na walipojua kwamba wote walikuwa wezi wa joto walianza kutukanana kwa majina ya mimea, kisha kucheka hadi vifaranga vikanyamaza. Kumi na mmoja wao, kwa siku ishirini na moja, walikuwa wamezungusha mayai yale kutoka kona ya baridi hadi kona ya moto na kurudi, hata hakuna yai lililopata baridi kuliko mwenzake. Mashine ya umeme haijui wivu.

Na wasingeweza kufanya hivyo kama sikuwa nimeyachora. Hilo nililisema mara moja, na nalisema tena hapa, kwa kuwa mtu asipolinda sehemu yake ya sifa itachukuliwa kama tuta la vitunguu. Kuhusu maji ya baraka sikusema neno. Hii ni mara yangu ya kwanza kuyataja.

Miezi sita iliyofuata ilikuwa kazi tupu. Niliwalisha vifaranga pumba za mahindi zilizoletwa na malori ya Kirumba, na vichwa vya samaki wakavu vya Kyavinyonge nilivyotwanga mwenyewe kwenye kinu, nikiwa na tai. Niliwafukuza vipanga kwa bati na fimbo. Bwana Chef alihamishwa Beni kabla ya mwezi wa saba, akaniachia ujumbe kwamba hajasahau jogoo. Nami sikusahau mtu. Kila kuku nilimfunga mguuni kitambaa cha rangi ya mkopeshaji wake.

Siku ya kulipa niliichagua kwa makusudi: mwishoni mwa Septemba, ile sikukuu nyingine ambayo mama mwenye nyumba aliiweka kwa sababu mchana na usiku hulingana tena. Asubuhi nilifagia uani kuanzia jikoni hadi barabarani. Nilitundika rimu ya gari kwenye nguzo nikaigonga kwa chuma, kwa sababu katekista alikataa kunikopesha kengele. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita posta na kifurushi. Kipimajoto kilikuwa ndani, kimezungushiwa manyoya, pamoja na kipande cha ganda chenye nusu ya samaki wa bleu, na barua ya mstari mmoja: majira yamefika.

Walikuja wote. Bwana Chef alishuka kutoka Beni kwa gari la Serikali, akasema ni safari ya ukaguzi. Nilimpa jogoo mwekundu, ambaye aliwika mikononi mwake palepale, na yule mtu mnene akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumesikia. Mwuza samaki alipata wake, mke wa katekista wake, mwanamke wa jembe, mwanamke wa mafiga, kila mmoja akimpima kuku wake kwa mkono na kumtazama wa jirani. Kila nilipomaliza mmoja nilimtazama mama. Alikuwa akiwagawia wageni mkate na asali, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nilimsikia akimwambia mtu habari za vitunguu vyake, kwamba mwaka huu vitakuwa vinene.

Shangazi nilimweka mwisho. Wake walikuwa wawili, vitambaa vyeupe. Mmoja alikuwa ametaga asubuhi ile, yai lake la kwanza, dogo, nami nikampa shangazi yai hilo pamoja na kuku. Alilipokea, akaligeuza kwenye mwanga akitafuta alama. Halafu akaenda hadi kwenye meza ya asali, akalisimamisha juu ya mbao. Alilishika kidogo kwa vidole viwili, akaondoa mkono. Likasimama.

"Leo ni siku gani?" akaniuliza.

Nikavuta pumzi, nikarekebisha tai. Nikamweleza kwamba leo ni siku ya usawa, ambapo mchana na usiku, dunia nzima, vinalingana.

"Kama jana," akasema.

Akalitia yai lake kwenye mfuko wa kanga, kuku mmoja kwapa hili na mwingine kwapa lile, akapita katika ua wangu uliofagiliwa, akaenda zake.